Mkwe Wangu Bado na Farasi Aitwaye Mkasi

Mkwe wangu ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini tangu ashike kazi ya kufundisha farasi hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Bado. Ukimuuliza kama chai imechemka, atakwambia ndiyo. Ukimuuliza kama mvua imekatika, atatoka nje, atazame juu, kisha akujibu vizuri. Lakini ukimuuliza kama farasi mchanga yuko tayari kupandwa, jibu lake ni hilohilo moja, na halibadiliki hata ukimshtua akiwa amesinzia kwenye kiti: bado.

Mkwe huyu sikumpata kirahisi. Alipoanza kumtaka binti yangu, alikuja akasimama getini kwetu miezi minne. Hakubisha hodi. Alisimama tu, mikono nyuma, akitazama pembeni kama mtu anayengoja basi mahali pasipo na kituo. Alikuwa mkimya mpaka nzi wakawa wanatua kwake wakidhani ni ukuta, na siku moja jirani akamwegemezea baiskeli. Ya baiskeli nimetia chumvi kidogo, ila ya nzi ni kweli tupu. Mwezi wa tano akasogea mpaka kizingitini. Mwezi wa saba akakalia stuli.

Binti yangu akaniambia, "Mama, kwa mwendo huu, akifika jikoni mimi nina mvi."

"Basi mfuate wewe," nikamwambia. "Miguu unayo."

Akamfuata. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hata farasi wachanga huwaendea hivyohivyo. Hamkimbilii mnyama wala hamshiki kwa nguvu. Husimama mahali pamoja, akimpa ubavu, mpaka mnyama mwenyewe aone haya kwamba hajamsalimia mgeni.

Walipooana nikahamia kwao. Wanaishi kwenye banda la farasi mwisho wa mtaa, nyuma ya mafundi wa matairi. Chini kuna vyumba vinane vya farasi, juu kuna vyumba viwili vya watu, na harufu ni moja kote. Vyumba vya juu vinakwenda na kazi: ukiwa na kazi una chumba, ukifukuzwa kazi unashuka na godoro lako. Binti yangu ana cherehani mlangoni, anashona mablanketi ya farasi na mifuko ya pumba. Mimi nina kitanda karibu na dirisha linalotazama uani. Kwa hiyo mambo yote ya banda lile ninayajua bila kuuliza, na yale nisiyoyajua huyajaza mwenyewe.

Nilikuwa nikidhani farasi hufundishwa kwa siku moja. Unamfunga, unamrukia, anaruka, unashikilia, basi mmeelewana. Bado aliposikia hivyo alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Kwake mwaka wa kwanza hakuna kupanda wala kufikiria kupanda. Mtoto wa farasi hujifunza kuongozwa kwa kamba, kuinuliwa kwato, kutoogopa ufagio, ndoo, mwavuli wala mimi. Mwaka wa pili huwekewa blanketi mgongoni, kisha Bado hutembea nyuma yake ameshika kamba mbili ndefu, wakazunguka mtaani. Mtu asiyejua angesema farasi amemkamata mwizi anampeleka polisi, ila mwizi amebaki nyuma. Mwaka wa tatu ukianza kuzeeka huja tandiko, na mtu mwepesi wa kukaa juu dakika chache, kisha ashuke. Kazi yenyewe, ya kubeba mtu na kwenda naye safari, huanza wa nne, na kwa mtu mzito huongeza mwaka.

"Kwa nini miaka yote hiyo?" nilimuuliza siku moja. "Mbona anasimama, ana miguu minne kama wenzake?"

"Mama, farasi hukua kwa zamu," akasema. "Miguu hutangulia, mgongo huja mwisho kabisa. Ukimtazama kwa urefu utadanganyika. Urefu wake umefika, mifupa ya mgongoni iko njiani."

Hilo lilikuwa somo refu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake. Sababu yake halisi aliwahi kumwambia mke wake mara moja tu, nami nilikuwa nyuma ya mlango. Sikuwa nikisikiliza, nilikuwa nimepumzisha sikio kwenye ubao. Alipokuwa kijana, kwenye banda jingine, aliamriwa kulipanda dume la mwaka mmoja na nusu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Akalipanda, nalo likakubali. Likampenda, hata. Lilipofika miaka sita mgongo wake ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na likiona blanketi tu lilikuwa likitetemeka. Aliyetumwa kulitoa bandani kwa mara ya mwisho ni yeye. Tangu siku hiyo akawa Bado.

Sasa kulikuwa na farasi jike tuliyemwita Mkasi, kwa sababu alipotembea miguu yake ilifunguka na kufunga kama mkasi wa fundi. Alikuwa na rangi ya kahawa isiyo na maziwa, na mrefu mpaka ulidhani amesimama juu ya kitu. Bado alimpokea akiwa bado ananyonya.

Mwenye banda, ambaye tunamwita Bosi na ambaye hajawahi kuonekana bila funguo za gari mkononi, alikuja Jumatatu moja akasimama mbele ya Mkasi akimpima kwa macho.

"Huyu ni farasi mzima huyu," akasema. "Jumamosi kuna mnunuzi. Nataka amkute anapandwa."

"Bado, Bosi."

"Bado nini?"

"Ana miaka miwili na miezi mitatu."

"Mimi nimemwambia mnunuzi ana mitatu."

"Umemwambia, ndiyo," akasema Bado. "Farasi mwenyewe hajui kwamba umesema."

Bosi akazizungusha zile funguo kidoleni. "Jumamosi ikifika hujamweka mtu juu yake, utanipa funguo za vyumba vya juu. Sijakasirika. Nakueleza tu."

Akaondoka. Bado akachukua ufagio akaendelea kufagia. Kule juu binti yangu, aliyekuwa amesikia kila neno, alikanyaga cherehani mpaka jioni bila kuinua kichwa. Nilipokwenda kutazama anashona nini, nikakuta sindano haina uzi.

"Hatampanda," akaniambia.

"Najua."

"Na mimi sitamwomba ampande. Lakini tutakwenda wapi, mama, na hili cherehani?"

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi, na akili yangu ikianza kazi watu wengine hupata hasara. Nikajiambia hivi: Bado hawezi kumpanda, ni mwanamume mwenye mifupa mizito. Lakini mimi je? Mimi ni mwepesi. Nikipanda mizani ya dukani, mwenye duka huigonga kwa kidole kuhakikisha haijakwama. Upepo ukivuma nalazimika kushika mlingoti. Kama Bosi anataka kuona mtu juu ya Mkasi, ataona mtu, hata kama ni nusu ya mtu. Atatulia, vyumba vitabaki, na mkwe wangu hatajua.

Alhamisi Bado alikwenda kwa mhunzi kuchukua viatu vya farasi. Nikashuka uani, nikageuza ndoo, nikapanda juu ya ndoo, na kutoka juu ya ndoo nikapanda juu ya Mkasi. Nimelisema haraka, lakini lilichukua muda, na kuna sehemu moja katikati ambayo nilikuwa nimelala kifudifudi kama nguo iliyoanikwa, kichwa huku na miguu kule. Mkasi alisimama tuli. Alikuwa amefundishwa adabu, maskini, hakujua kwamba kuna watu wasiofundishwa.

Nikakaa wima. Nikamshika nywele za shingo. Akaenda hatua saba.

Hatua hizo saba ninazikumbuka moja moja. Ya kwanza nilijiona malkia. Ya pili pia. Ya nne nikahisi chini yangu kitu kama kitanda kilichotolewa mbao, kinakwenda nami chini. Masikio yake yakalala nyuma. Ya sita nikainua macho, nikamwona Bosi amesimama getini.

"Bibi," akasema huku akicheka, "hongera sana. Na yule mkwe wako ananiambia bado."

Akatoa simu hapohapo, akampigia mnunuzi. Nilimsikia kwa masikio yangu: anapandwa vizuri kabisa, hata na bibi kizee. Kisha akaingia garini akaenda zake. Mkasi akabonyeza kiuno, nami nikateleza kwa nyuma mpaka kwenye majani makavu, nikakaa pale nikitazama mkia.

Nilikuwa nimemwokoa mkwe wangu sawasawa na mtu anayemwokoa mwenzake kwenye shimo kwa kumrukia.

Bado aliporudi, mimi nilikuwa juu, nimejifunika khanga kama mgonjwa. Nikasikia amenyamaza. Yeye huwa amenyamaza siku zote, lakini kuna kunyamaza na kunyamaza. Nikachungulia. Alikuwa akipitisha kiganja mgongoni mwa Mkasi, polepole, toka mabegani mpaka kiunoni, na kila kiganja kilipofika mahali fulani ngozi ya Mkasi ilikuwa ikiruka.

"Mama," akaita bila kuinua sauti. "Umempanda?"

"Nani, mimi? Nilikuwa nikimpangusa vumbi."

Akainama, akaokota kandambili yangu chini ya tumbo la farasi, akaiweka kwenye ngazi ya kwanza. Afadhali angenitukana.

Ijumaa alimletea Mkasi blanketi lake, lile alilolizoea tangu mwaka uliopita mpaka akawa analilalia. Mkasi akageuka akang'ata nguzo. Bado akangoja, akajaribu tena. Mkasi akaurudisha mgongo chini, akasogea mpaka ukutani. Mara ya tatu Bado hakumgusa. Alilitundika blanketi kwenye msumari, akaja akakaa karibu nami.

"Sikulaumu, mama. Ulitaka kutusaidia."

"Nilaumu kidogo basi, nitulie."

"Amejifunza kitu ambacho sikumfundisha," akasema. "Anajua sasa kwamba kinachokuja mgongoni kinauma. Hilo ndilo lililobaki kichwani mwake."

Siku hiyo sikuweza kula. Nilikula mara mbili tu.

Jumamosi mnunuzi akafika. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mwanamume mwenye tabasamu la mtoto kwenye mwili uliojaza geti kutoka nguzo mpaka nguzo. Bosi alimzungusha uani kama bwana harusi. Dereva hakuwa akimsikiliza sana, alikuwa akimtazama Mkasi.

"Miaka thelathini na moja nimeendesha," akasema. "Nikiwaona farasi pembeni ya barabara, kupitia kioo. Nikajiahidi kwamba nikistaafu nitakalia kitu kisichonuka dizeli."

"Umefika mahali pake," akasema Bosi. "Bado, weka tandiko."

"Hapana," akasema mkwe wangu.

Mimi kule dirishani nilidhani sikusikia vizuri. Lile neno sikujua kama analo.

Bosi akacheka cheko la mbele ya mgeni. "Ana wivu na farasi zake huyu. Basi bibi ashuke, ampande kama juzi."

Wote wakatazama juu kwenye dirisha langu. Nikashuka. Binti yangu akasimama mlangoni, mikono ndani ya aproni. Nilijua kilichotakiwa: ndoo, mguu huku, mguu kule, hatua saba, na binti yangu abaki na paa juu ya kichwa chake. Nikamkaribia Mkasi. Sikuwa nimemgusa, nilikuwa umbali wa mkono na nusu, na ngozi ya mgongo wake ikaanza kutetemeka yenyewe.

"Sipandi," nikasema. "Huyu ana miaka miwili na miezi mitatu. Nilimpanda juzi kwa ujinga wangu, mkwe wangu hayupo. Alibonyea kiuno akanidondosha, na tangu hapo hataki hata blanketi."

Bosi akamgeukia Dereva. "Usimsikilize bibi huyu. Aliwahi kuniambia alichelewa sokoni akapanda ng'ombe, na yule ng'ombe akalipita basi."

"Ng'ombe alilipita basi kweli?" Dereva akaniuliza.

"Basi lilikuwa limeharibika," nikasema.

Wakacheka wote wawili. Ndugu zangu, hayo yalinikuta mimi. Maisha yangu yote nimeuza uongo na watu wamenunua, wakarudi kuongeza. Siku hiyo nimeleta ukweli mkavu, haukutiwa kitu, na hakuna hata aliyeuonja.

"Mimi usiniamini," nikamwambia Dereva. "Meno yake yaamini. Bado, mwonyeshe."

Bado akamshika Mkasi pua kwa upole, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno ya mbele yalikuwa madogo, meupe, yamepangana vizuri.

"Haya yote ni ya utoto," akasema. "Akikaribia miaka miwili na nusu hung'oka mawili ya katikati, yakaja makubwa. Yako hapo yote. Hakuna lililotoka."

Dereva akavaa miwani akainama. Akatazama kwa muda mrefu, na Mkasi akampulizia pumzi kwenye miwani.

"Ni kama ya mjukuu wangu," akasema.

"Watu hawapandi meno," akasema Bosi. Kisha akamwelekea mkwe wangu, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Jumatatu nataka funguo."

Binti yangu hakungoja Jumatatu. Akatoa funguo ndani ya aproni, akavuka ua, akamwekea Bosi kiganjani, pale pale penye zile za gari. Akarudi akaanza kukunja mablanketi. Mkwe wangu akatazama chini.

Dereva akavua miwani. "Huyu akiondoka, farasi atabaki na nani?"

"Nitapata mtu," akasema Bosi.

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Mtu wa kumpanda."

Dereva akatikisa kichwa taratibu. "Lori likija jipya, sisi hatukuwa tukilipakia mzigo kamili safari za mwanzo. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye haraka, alikuwa akipakia mpaka bati linalia. Mwaka uliofuata tukawa tunampita pembeni ya barabara, amekaa chini ya boneti iliyofunguliwa." Akamgeukia Bado. "Niambie wewe. Mtu kama mimi, huyu nitampanda lini?"

Bado akamtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akamzunguka, kama fundi anayekisia kitambaa. Nilifumba macho, kwa sababu namjua mkwe wangu, hana njia ya kusema jambo kwa kulizunguka.

"Akitimiza miaka mitano," akasema. "Na wewe uwe umetoa nusu gunia."

Bosi alionekana kama mtu aliyeona gari lake likiteremka mlima peke yake. Dereva akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akalitazama kama analiuliza maoni. Kisha akacheka mpaka farasi wa chumba cha nane akajibu.

"Hilo hata daktari wangu hajathubutu kuniambia," akasema. "Haya. Namnunua. Lakini anakaa hapa, na anayemfundisha ni huyu, mpaka hiyo miaka mitano ifike. Huyu akiondoka, na mimi naondoka."

Bosi alisimama akihesabu mambo yake kichwani. Hakuyahesabu sana. Akazirudisha zile funguo za juu kwa binti yangu, akiwa ametabasamu kama kwamba wazo lilikuwa lake.

Bado alinipa adhabu yangu Jumapili. Kila asubuhi nilitakiwa kushika blanketi la Mkasi, nisimame naye uani, nisimwekee. Kusimama tu. Wiki kumi na moja nimesimama na blanketi kama mfanyabiashara asiye na wateja, mpaka asubuhi moja akaja mwenyewe akaingiza pua ndani ya mikunjo yake, akapumua. Bado alikuwa karibu na nguzo. Akaniletea stuli.

Dereva naye akaanza kuja kila siku. Bado alimkabidhi zile kamba mbili ndefu, akamweka nyuma ya farasi, wakawa wanazunguka mitaa: Mkasi mbele na miguu yake ya mkasi, Dereva nyuma akihema. Mwezi wa kwanza alikuwa akisimama kila kona. Mwaka ulipopita alikuwa akisimama kwa sababu ya watu wa kusalimiana nao tu. Suruali zake alizileta kwa binti yangu zipunguzwe, mara tatu. Mkasi alipotimiza miaka mitatu na nusu, binti yangu ndiye aliyekaa mgongoni kwanza, dakika tano, Bado ameshika kamba, na ule mgongo haukwenda popote. Ulikaa chini yake kama benchi.

Halafu ikafika asubuhi ya Dereva. Miaka mitano ilikuwa imetimia, nusu gunia lilikuwa limetoka na debe juu yake. Alikuja amenyoa, amevaa shati jipya. Alipanda vizuri kuliko nilivyopanda mimi, nakiri. Akakaa juu kule, akashika hatamu, na uso wake ukawa wa kijana wa miaka kumi na minane. Mkasi akatembea akazunguka ua mara moja, kwa raha zake, masikio mbele. Walipofika pale walipoanzia, Bado akainua mkono.

"Shuka."

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza Dereva.

"Kwa leo ndiyo hivyo tu. Kesho mara mbili."

Dereva akashuka. Akamshika Mkasi shingoni, akampapasa. Hakulalamika. Akatoka getini kwa miguu yake, na nikiwa dirishani nikamsikia mtaani akimweleza kila aliyekutana naye kwamba ametoka safari. Kufika kwenye kona safari ilikuwa tayari imevuka mto. Nilimwachia tu aendelee, alikuwa anaisimulia vizuri.